Akiki ya moto: jiwe la kahawia lenye upinde wa mvua ndani

Neno akiki si geni kwa Waswahili. Katika pwani ya Afrika Mashariki, Oman na Yemen, pete ya fedha yenye akiki nyekundu huvaliwa na wazee kwa vijana. Wasomaji wa Biblia nao hulikuta jina hilo katika orodha ya vito vilivyopambwa kwenye kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu. Lakini zipo akiki za aina nyingine ambazo wengi wetu tumeziona kwenye simu tu. Ukiishika moja juani inaonyesha kijani, ukiigeuza kidogo inawaka rangi ya chungwa, na ukiigeuza tena inakuwa zambarau.

Wasikilizaji wetu wamekuwa wakituma picha za mawe hayo na kuuliza maswali matatu: ni ya kweli? Yanatoka wapi? Na je, mtu wa kawaida anaweza kwenda kuokota lake? Makala haya yanajibu maswali hayo kwa utaratibu. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: rangi unayoiona haikupakwa juu ya jiwe, wala haikuenea ndani yake kama rangi ya chai kwenye maji. Inaletwa na matabaka membamba mno yaliyopangana. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini jiwe hili ni gumu kulitambua porini, ni rahisi kuliharibu mezani kwa mkataji, na ni rahisi zaidi kwa mnunuzi kudanganywa.

Akiki ni nini?

Akiki ni aina ya madini yanayoitwa kalsedoni, ambayo kwa asili yake ni silika, yaani kitu kilekile kinachounda kwatzi na sehemu kubwa ya mchanga wa ufukweni. Tofauti ni kwamba katika kalsedoni fuwele za silika ni ndogo kiasi kwamba macho hayawezi kuziona. Kalsedoni ikiwa na mistari au matabaka yanayoonekana, huitwa akiki.

Jiwe hili lina ugumu wa 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho mwisho wake ni 10, nafasi ya almasi. Kisu cha kawaida cha chuma kipo karibu na 5.5, kwa hiyo hakiwezi kulikwaruza. Ndiyo maana akiki hufaa kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Kwa kulinganisha, tanzanite, kito chetu maarufu, ipo kati ya 6 na 7 na hupasuka kwa urahisi zaidi ikigongwa.

Hapa Tanzania tunao ndugu wa karibu wa akiki. Katika eneo la Haneti, mkoani Dodoma, hupatikana krisoprasi, kalsedoni ya kijani inayopata rangi yake kutokana na madini ya nikeli. Hiyo ni rangi ya kudumu: ukiigeuza jiwe linabaki kijani vilevile. Akiki zinazobadilika rangi ni habari nyingine kabisa.

Rangi hutoka wapi?

Akiki zinazobadilika rangi zipo za aina kuu mbili, na kila moja ina namna yake ya kuchezea mwanga.

Ya kwanza ni akiki ya moto. Msingi wake ni wa kahawia, na juu ya msingi huo silika imejijenga kwa uvimbe wa mviringo mithili ya kichala cha zabibu. Katikati ya matabaka ya silika kuna matabaka membamba ya oksidi ya chuma, jamaa ya kutu tunayoiona kwenye bati kuukuu. Mwanga ukiingia, sehemu yake huakisiwa na tabaka la juu na sehemu nyingine na tabaka la chini. Miale hiyo miwili inapokutana tena, baadhi ya rangi huimarishana na nyingine hufutana. Jicho huona zile zilizoimarishwa.

Umewahi kuona mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye lami yenye maji? Yale mafuta hayana zambarau wala kijani ndani yake, lakini utando wake ni mwembamba hata mwanga unagawanyika. Povu la sabuni hufanya hivyo hivyo. Ili jambo hili litokee, utando unatakiwa uwe na unene unaokaribiana na urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, ambao ni kati ya sehemu 4 na 7 za milimita moja iliyogawanywa mara 10,000. Unywele wa kichwa chako ni mnene mara nyingi zaidi ya hapo.

Ya pili ni akiki ya upinde wa mvua. Hii ukiiona porini au mezani huwezi kuidhania. Inafanana na akiki yoyote ya kijivu au nyeupe yenye mistari. Siri yake ni kwamba mistari hiyo imesongamana sana, mamia kwa mamia ndani ya milimita moja. Jiwe likikatwa kipande chembamba cha milimita chache tu, kikang'arishwa pande zote mbili na kushikwa mbele ya taa au jua, mwanga unaopita katikati ya mistari hutawanyika na upinde wa mvua hutokea. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya upande wa chini wa sidii ung'ae rangi nyingi.

Kwa hiyo kumbuka tofauti hii: akiki ya moto hutazamwa kwa mwanga unaotoka mbele, akiki ya upinde wa mvua kwa mwanga unaotoka nyuma. Muuzaji anayekuonyesha kipande kinene, kisichopitisha mwanga, na kukiita akiki ya upinde wa mvua, ana maelezo ya kutoa.

Wapo pia wanaochanganya akiki ya moto na opali, ikiwemo ile ya Wollo nchini Ethiopia inayouzwa sana siku hizi. Opali nayo hucheza na rangi, lakini imejengwa na vitufe vidogo vya silika vilivyopangwa safu, na ina maji ndani yake. Ni laini kuliko akiki, na nyingine hupasuka zikikauka. Akiki ya moto haina tatizo hilo.

Hupatikana wapi?

Akiki ya moto haipo kila mahali. Maeneo yanayojulikana zaidi ni kusini-magharibi mwa Marekani na nchi ya Mexico. Kwa Marekani, jimbo la Arizona ndilo linaloongoza, likifuatiwa na maeneo ya kusini-mashariki mwa California na sehemu za New Mexico. Jina la Oatman, mji mdogo wa zamani wa machimbo ya dhahabu magharibi mwa Arizona, linajulikana na karibu kila mkusanyaji. Huko Mexico, majimbo ya Aguascalientes, San Luis Potosí na Chihuahua yametoa mawe mengi yaliyomo sokoni leo.

Kinachounganisha maeneo hayo ni volkeno za kale. Makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, lava ilipoa na kuacha nyufa na mashimo yaliyotokana na viputo vya gesi. Maji ya moto yenye silika na chuma yalipenya humo na kuacha tabaka moja baada ya jingine. Kiasi cha chuma kilipobadilika, tabaka lilibadilika. Baadaye mvua na upepo vilikula mwamba laini wa pembeni, na kalsedoni, kwa kuwa ni ngumu, ikabaki. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuikuta juu ya ardhi au kwenye korongo bila kupasua mwamba.

Akiki ya upinde wa mvua imetawanyika zaidi. Hupatikana miongoni mwa akiki za kawaida katika nchi mbalimbali, ikiwemo Brazil, na katika changarawe za mto Yellowstone, jimbo la Montana, Marekani. Katika rundo la akiki mia, huenda isiwemo hata moja. Hakuna njia ya mkato ya kujua. Lazima jiwe likatwe.

Waokotaji hulitafutaje?

Serikali kuu ya Marekani, kupitia idara yake ya usimamizi wa ardhi inayojulikana kwa kifupi BLM, imetenga maeneo ambako raia na wageni wanaruhusiwa kuokota mawe. Mawili kati ya hayo yanasifika kwa akiki ya moto. La kwanza ni Black Hills, kiasi cha kilomita 30 kaskazini-mashariki ya mji wa Safford, Arizona. La pili ni Round Mountain, kusini mwa mji mdogo wa Duncan, karibu na mpaka wa New Mexico. Barabara ya kufika Round Mountain ni mbovu na huhitaji gari lililoinuka.

Mtu anayefika huko kwa mara ya kwanza akitarajia kuona rangi zikimeremeta chini atarudi mikono mitupu. Jiwe linapokuwa porini limefunikwa na ganda jeupe au la kijivu la kalsedoni, na pengine vumbi juu yake. Wazoefu hutazama alama nne:

Kwanza, vipande vyeupe vya kalsedoni vilivyotapakaa ardhini. Vikionekana kwa wingi, ni dalili kwamba maji yenye silika yalipita hapo.

Pili, umbo la uvimbe mdogomdogo uliobanana kama zabibu.

Tatu, rangi ya kahawia inayoonekana chini ya ganda jeupe au pembeni palipovunjika. Kalsedoni isiyo na kahawia yoyote haina chuma, na pasipo chuma hakuna moto.

Nne, mng'ao mdogo jiwe likilowanishwa. Ndiyo sababu kila mwokotaji hubeba chupa ya kunyunyizia maji. Maji hujaza mikwaruzo ya juu kwa muda na kukuwezesha kuchungulia ndani, karibu kama jiwe limeng'arishwa.

Vifaa ni vya kawaida: nyundo ndogo, patasi, sururu ndogo, miwani ya kukinga macho, glavu, chupa ya maji na lenzi ya kukuza mara kumi. Wakati mzuri ni kati ya Oktoba na Aprili, kwa sababu kiangazi cha Arizona joto hupita nyuzi 40. Kuna nge, na kuna nyoka wenye njuga mkiani wanaopenda kujificha chini ya mawe hayohayo unayotaka kuyageuza. Mwokotaji mwenye akili huligeuza jiwe kwa sururu kwanza, halafu ndipo anapoinama.

Akipasua, hapigi katikati ya jiwe. Pigo moja la nyundo huacha ufa ambao hauonekani siku hiyo, lakini hujitokeza jiwe likiwa karibu kumalizika kukatwa. Wengi huchukua jiwe pamoja na sehemu ya mwamba wake na kuutoa nyumbani taratibu kwa msumeno.

Sheria inasemaje?

Hapa ndipo wasikilizaji wengi hukosea, kwa sababu wanachanganya utaratibu wa nchi mbili.

Katika maeneo hayo ya BLM huko Arizona, mtu anaruhusiwa kuokota kiasi cha wastani kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni. Haruhusiwi kuokota kwa ajili ya kuuza, wala kuleta mashine za kuchimbia. Ruhusa hiyo haihusu hifadhi za taifa, ambako kuondoa hata jiwe moja ni kosa. Haihusu ardhi za makabila ya asili bila idhini yao, wala maeneo ambayo mtu mwingine ameshayasajili kwa uchimbaji. Maeneo ya namna hii mara nyingi huwekewa alama za nguzo, lakini si kila nguzo inaonekana kwa urahisi, kwa hiyo waokotaji huangalia ramani kabla ya kuondoka.

Tanzania ni tofauti. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura ya 123, madini yaliyomo ardhini ni mali ya umma chini ya Jamhuri ya Muungano, na mtu haruhusiwi kuyatafuta wala kuyachimba bila leseni. Kumiliki shamba hakukupi haki ya madini yaliyomo chini yake. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania kupitia Tume ya Madini, na anayetaka kununua na kuuza anahitaji leseni ya biashara hiyo. Mauzo hufanyika katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019. Kenya nayo, chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, inamtaka mchimbaji mdogo awe na kibali.

Kwa hiyo ukiona jiwe zuri katika matembezi yako, usianze kuchimba. Hatua ya kwanza ni kufika ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako, kueleza ulichokiona na kuuliza kama eneo hilo tayari lina mwenye leseni. Kuuliza hakugharimu kitu. Kukamatwa na gunia la mawe barabarani bila karatasi kunagharimu.

Kukata: kujua pa kusimamia

Vito vingi hukatwa kwa kipimo. Mkataji anajua pembe, anajua ukubwa, na jiwe hufuata. Akiki ya moto haikatwi hivyo. Matabaka yake yamepinda kufuata ule uvimbe wa zabibu, kwa hiyo mkataji naye anatakiwa apinde pamoja nayo. Ndiyo maana mawe mengi ya akiki ya moto yaliyomalizika yana mabonde na vilima, na ni nadra kukuta mawili yanayofanana. Sonara hutengeneza pete kufuata jiwe, kinyume na kawaida ya kuchagua jiwe linaloenea kwenye pete.

Kazi huanza kwa kuondoa ganda jeupe la juu kwa gurudumu la kusagia lenye maji. Kila baada ya sekunde chache mkataji husimama, hufuta jiwe na kulitazama chini ya taa moja yenye nguvu. Rangi zikianza kujitokeza, huacha gurudumu kubwa na kutumia vichwa vidogo vya almasi kwenye mashine ya mkononi, akifuata kila bonde. Baada ya hapo hufuata ung'arishaji kwa unga wa almasi unaozidi kuwa laini, kuanzia namba za mamia hadi namba za maelfu nyingi.

Hatari iko katikati ya kazi. Tabaka lenye rangi ni jembamba kuliko kitu chochote unachoweza kukihisi kwa kidole. Ukisaga kidogo mno, rangi inabaki imefifia chini ya ukungu wa kalsedoni. Ukisaga kidogo kupita kiasi, tabaka linaondoka, na mahali palipokuwa na kijani na nyekundu panabaki kahawia tupu. Haliwezi kurudishwa. Wakati mwingine chini yake kuna tabaka jingine lenye rangi, na wakati mwingine hakuna. Mkataji hana njia ya kujua isipokuwa kwa kusaga.

Hapo ndipo thamani inapotoka. Unaponunua jiwe lililokamilika, sehemu kubwa ya pesa yako inalipia uamuzi wa mtu aliyejua kusimama. Kwa hapa nchini, anayetaka kujifunza ukataji na utambuzi wa vito kwa utaratibu anaweza kuulizia mafunzo katika Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha.

Vumbi lisiloonekana

Akiki ni silika, na vumbi la silika huua. Chembe zake ndogo zikivutwa hukaa ndani ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na humfanya mgonjwa apate kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Familia nyingi zinazoishi jirani na migodi ya Mererani hazihitaji kusimuliwa habari ya vijana wanaorudi nyumbani wakikohoa.

Mkusanyaji wa nyumbani anaweza kudhani hayo ni mambo ya mgodini. Si kweli. Kukata jiwe kavu kwa grainda ndani ya chumba kidogo kunatosha kujaza hewa vumbi hilo, na chembe zilizo hatari zaidi ndizo zile usizoziona. Kanuni ni tatu. Kata na saga kwa maji siku zote. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi aina ya N95 au zaidi. Kitambaa au leso havisaidii. Na usifagie tope lililokauka la mashine. Lilowanishe, lizoe, kisha osha nguo za kazi peke yake mbali na nguo za watoto.

Kununua bila kupigwa

Mawe mengi yanayouzwa mtandaoni kwa jina la akiki ya moto si akiki ya moto. Hizi ndizo aina tatu utakazokutana nazo zaidi.

Shanga zenye nyufa. Hizi ni akiki za kawaida zilizopashwa moto kisha zikapoozwa ghafla ili zipasuke ndani, halafu zikatiwa rangi. Huwa nyekundu, chungwa au zambarau zenye utando wa nyufa kama wavu. Ni akiki kweli, lakini "moto" wake ni wa tanuri. Ukizitazama kwa lenzi utaona rangi imejikusanya ndani ya nyufa. Ukizigeuza, rangi haibadiliki.

Mawe yaliyopakwa utando wa chuma. Jiwe huwekwa kwenye chombo kisicho na hewa na kufunikwa na mvuke wa chuma kama titani. Linameremeta rangi zote, tena sana. Tatizo ni kwamba mmeremeto huo uko juu kabisa na umeenea sawasawa kila upande. Tazama kingo na tundu la shanga: hapo ndipo utando huanza kukwaruzika na kuonyesha jiwe la kawaida chini yake.

Akiki zilizotiwa rangi. Ufundi huu ni wa siku nyingi. Mji wa Idar-Oberstein nchini Ujerumani ulijulikana kwa ukataji wa akiki kwa karne kadhaa, na tangu karne ya 19 mafundi wake wametia rangi akiki, nyingi zikiwa zimetoka Brazil. Si kosa kuuza akiki ya rangi mradi mnunuzi aambiwe. Kosa ni kuiuza kwa bei na jina la kitu kingine.

Akiki ya moto halisi ina dalili zake. Msingi wake ni kahawia. Rangi zipo ndani, chini ya tabaka linalopitisha mwanga, na ukilizungusha jiwe chini ya taa moja rangi zinahama, nyingine zinazima na nyingine zinawaka. Kwa kawaida kuna sehemu zisizo na rangi kabisa. Jiwe linalometameta kila mahali kwa nguvu ileile litilie shaka.

Omba video badala ya picha. Picha moja inaweza kuchukuliwa katika pembe pekee ambayo jiwe linapendeza. Video ya sekunde 20, jiwe likigeuzwa chini ya jua mbele ya macho yako, inasema mengi zaidi. Muuzaji mwenye jiwe la kweli hana sababu ya kukataa.

Kuhusu bei, mambo manne ndiyo huamua. La kwanza ni rangi: kahawia, chungwa na nyekundu ni za kawaida zaidi, kijani hupendwa, buluu na zambarau ni adimu. La pili ni eneo la jiwe lililofunikwa na rangi. La tatu ni nguvu ya mng'ao kwenye mwanga wa kawaida, si kwenye taa ya duka pekee. La nne ni usafi wa kazi: hakuna ufa, hakuna mahali palipotobolewa tabaka. Mawe yaliyokamilika huuzwa kwa karati, na karati 5 ni gramu 1. Yasiyokatwa huuzwa kwa uzito kama yalivyo, na hapo unanunua matumaini zaidi kuliko kito.

Wafanyabiashara wetu wa tanzanite wanalijua jina la Tucson, Arizona, ambako kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, hufanyika maonyesho makubwa ya vito na madini. Maonyesho ya chama cha vito cha mji huo yalianza mwaka 1955. Akiki za moto huuzwa huko karibu na nyumbani kwao, na mtu mwenye safari ya biashara anaweza kuyalinganisha mawe mengi kwa siku moja na kuzoesha jicho.

Kuanza mkusanyo wako

Huhitaji kwenda Arizona ili uanze. Mkusanyo mzuri hujengwa kwa kujua unachokitafuta. Anza na vipande viwili vitatu vidogo vya akiki ya kawaida na ujizoeze kuvitazama kwa lenzi, mbele ya jua na nyuma ya jua, vikavu na vikiwa vimelowa. Ukipata fundi mwenye msumeno wa mawe, mwombe akukatie kipande chembamba cha akiki yenye mistari iliyosongamana. Huenda isionyeshe chochote. Huenda pia ikawa ndiyo ile moja katika mia.

Andika. Kila jiwe lipe namba, na katika daftari uandike lilipotoka, siku uliyolipata, aliyekuuzia na bei. Jiwe lisilo na historia hupoteza sehemu ya thamani yake, na stakabadhi hukulinda pindi ukiulizwa umelipata wapi.

Kutunza ni rahisi. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, kisha kausha kwa kitambaa. Usiliweke kwenye joto la ghafla, usilitie kwenye dawa kali za kusafishia, na usilifungie kwenye kifuko kimoja na yakuti au almasi, kwa sababu hizo ni ngumu zaidi na zitalikwaruza.

Na kama tayari umenunua jiwe na hujui ni lipi kati ya haya, fanya jaribio moja leo. Toka nje saa nne asubuhi, lishike jiwe kwenye vidole viwili, mgongo wako ukielekea jua, na uligeuze taratibu. Kama rangi zinahama ndani yake, una sababu ya kulipeleka kwa mtaalamu wa vito akalipime. Kama zimetulia palepale, una ushanga mzuri wa kuvaa, na sasa unajua thamani yake.